Ejo Mbili za Baba Houda

Mume wangu Rachid ana macho mazuri na mwandiko mbaya, na mwaka huu nusura nibaki na mwandiko peke yake.

Sisemi mwandiko wa kalamu. Nasema kode, yale maagizo ya kompyuta. Sisi tunatengeneza kuvezi, zile mashine za kuangulia mayai, hapa mtaani Bwiza, kwenye atelye, karakana iliyo mbele ya nyumba yetu. Mimi nakata mbao, nafunga nyaya, napokea wateja na kuwagombeza pale inapobidi. Rachid anaandika kode ya ile chipu ndogo ndani ya mashine, inayopima joto na kuamuru mota iinamishe trei, kushoto kisha kulia, mayai yageuke. Tumegawana kazi hivyo tangu binti yetu Houda yuko mgongoni, na sasa Houda mwenyewe yuko chuoni mjini Ngozi.

Wala msidhani mimi sijui kode. Nimesoma informatike, elimu ya kompyuta, tena nilimshinda Rachid kwenye mitihani, muulizeni. Lakini kila nilipofungua kode yake niliifunga hapohapo nikaenda kumenya vitunguu. Majina yote ni herufi: a, b, p, p nyingine, na t ambayo mahali pengine ni joto na mahali pengine ni muda, kwa sababu kwa Kifaransa yote mawili yanaanza na t na yeye hakuona shida. Maelezo hakuna hata mstari mmoja. Na kibaya kuliko vyote ni draiva ya mota, kile kipande kinachozungumza na mota moja kwa moja bila mtu wa kati. Pale kuna namba tupu tu, kama mtu aliyemwaga mchele.

Nikimwuliza, "Baba Houda, p ni nini?" anacheka.

"Iko mu kichwa, Mama Houda. Usijisumbue."

"Na ukikufa?"

"Nikikufa utaolewa na mwenye kuandika vizuri."

Nilimrushia kandambili, akainama, ikampata mteja.

Basi asubuhi moja betri ikampasukia usoni. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, alikuwa anafunga betri kubwa ya kujaribia mashine, nikasikia mlio, nikamkuta ameshika uso kwa mikono miwili. Nilimmwagia maji ya jagi, kisha ya ndoo, kisha ya pipa zima, huku napiga kelele mpaka baa ya jirani wakazima muziki. Hospitali walimsafisha vizuri, wakamfunga macho yote mawili kwa bandeji nyeupe. Daktari akasema asiguse, asilie, alale chali, turudi baada ya wiki mbili. Yataona au hayataona, yeye hawezi kuapa. Nilimwuliza tena, akanijibu vilevile, kwa upole uleule, nikatamani angenigombeza.

Njiani kurudi nyumbani, nimemshika mkono, ndipo nilipoelewa tumekaa juu ya nini. Macho yakikataa kurudi, mume wangu amepoteza kazi yake, na mashine zetu zote zilizotawanyika mji huu zimebaki yatima. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuisoma kode ile. Hata mimi, niliyelala kitanda kimoja na aliyeiandika.

Hatukukaa sana, simu ikalia. Alikuwa Madamu Candide wa Gihosha, mwalimu mstaafu, mjane, mteja wetu tunayemheshimu sana. Yeye hapigi simu ovyo.

"Mwantum, mwananje, pole kwa mugonjwa. Nisingekusumbua. Lakini mashine inalia krrr, na mayai hayageuki."

"Inalia saa gani, Madamu?"

"Umeme ukikatika halafu ukirudi. Na unajua mwenyewe umeme wetu."

Niliketi chini. Mayai yale nilijua habari zake. Kideri kilikuwa kimepita kule kilimani kwake na kuua kuku karibu wote, na Madamu Candide alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya mayai ya kuku wachache waliobaki, kila jirani akatoa ya kwake, ili mtaa mzima upate mbegu upya. Mayai ndani ya kuvezi lazima yageuzwe, yakilala upande mmoja kifaranga hugandia kwenye ganda na kufa. Sasa mama wa watu alikuwa anafungua mlango mara kwa mara na kugeuza yai moja moja kwa mkono, na kila akifungua, joto lote linatoka.

"Mayai ya watu, Mwantum," akasema. "Si yangu."

Nikamwambia atulie, nitakuja. Nikakata simu, nikabaki nimeikodolea macho, maana nilikuwa nimeahidi kitu nisichokijua.

Rachid alikuwa amelala sebuleni kwenye godoro, na masikio yake yalikuwa wazi kabisa.

"Leta ordinatère," akasema, yaani kompyuta. "Mi sioni, lakini naweza sikia. We soma."

"Nisome nini? Herufi?"

"Soma vile iko. Mi nitakwambia."

Nikaketi karibu na kichwa chake, nikafungua draiva ya mota, nikavuta pumzi, nikaanza kumsomea, alama ya sawasawa nikiiita egali, kama mtu anayesoma Juzuu Amma kwa mara ya kwanza.

"Kama, fungua mabano, p egali egali a, funga mabano, basi sifuri iksi ishirini na tano egali moja. La sivyo, p egali tmp. Halafu kama tmp ni ndogo kuliko t..."

"Ngoja. p ipi?"

"We njo unaniuliza mimi?"

"Rudia."

Nikarudia. Akakunja uso chini ya bandeji. "Iyo t, ni joto ao ni muda?"

"Rachid! Si iko mu kichwa?"

"Ilikuwa mu kichwa," akasema taratibu. "Nikiona naijua. Nikisikia, naona kama mutu mwingine aliiandika, tena mutu mwenyewe hana adabu."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Miaka yote ile nimemwambia kode yake haisomeki, hakunisikia. Ilibidi macho yafungwe ndipo asikie kwa masikio yake mwenyewe. Lakini sikumwambia hivyo, nilimwonea huruma, na kwangu kunyamaza si kazi ndogo.

Tukaanza kazi. Nilimwekea sharti moja: mstari ambao hauwezi kusomwa kwa sauti ukaeleweka, haukai. Nasoma, nauliza, ananijibu, nabadilisha jina, nasoma tena. Ile p ikawa upande. Herufi a ikawa kushoto, b ikawa kulia. Ile sifuri iksi ishirini na tano kumbe ni mahali ndani ya chipu panapoamuru ule mguu uliofungwa waya wa mota, basi nikaiita mguu wa mota, na namba nikaiandika mara moja tu, juu kabisa, na maelezo yake pembeni. Ile t tuliipasua, moja ikawa joto, nyingine ikawa muda wa kusubiri.

Rachid alibisha, si mnamjua sasa. "Majina marefu vile itajaza chipu."

"Chipu haioni majina, Baba Houda, usinichezee. Kode ikishatafsiriwa kwa lugha ya mashine majina yote yanatoka. Majina ni ya watu."

"Ni ya wanawake wa Bwiza wenye kupenda kuongea."

"Njo hao hao. Endelea."

Tulifanya hivyo baada ya chai, tukasimama kwa sala, tukaendelea. Nilimlisha ugali na ndagala kwa mkono, naye akawa anatafuna na kueleza, nikamkemea ameze kwanza. Nasema kweli, siku nyingi hatukuwa tumeongea vile. Kila siku yeye huwa na mgongo wake mbele ya kompyuta na mimi na msumeno wangu.

Mchana ule tukafika kwenye neno moja ambalo halikuwa herufi. Lilikuwa neno kamili, na ndilo lililoniudhi kuliko herufi zote: ejo.

Hapa lazima niwaeleze. Rachid ni Mwislamu wa Muyinga, alilelewa na bibi yake kule kilimani. Na mimi anaongea Kiswahili, na makaratasi anaongea Kifaransa, lakini akianza kufikiri jambo gumu, anafikiri kwa Kirundi cha bibi. Na kwa Kirundi, ejo ni jana. Ejo pia ni kesho. Neno ni lilelile moja, na watu hawapotei hata kidogo, kwa sababu kitenzi kilicho pamoja nalo ndicho kinachosema kama jambo limepita au linakuja. Bibi yake akisema alienda sokoni ejo, kila mtu anajua ni ipi. Lakini kwenye kode hakuna bibi wala hakuna kitenzi. Kuna ejo tu, imesimama peke yake, inakutazama.

Mimi nikaichukulia kuwa jana, nikabadilisha zote kwa mpigo mmoja, nikasoma.

"Ukimaliza kugeuza trei, weka kwenye kumbukumbu: upande wa jana ni ule upande mwingine."

Rachid akaruka kwenye godoro. "Apana! Si jana! Pale ni kesho. Trei ikienda kushoto, naandika ya kwamba ikigeuka tena itaenda kulia. Ni ejo ya mbele."

"Umeandika ejo tu."

"Mutu yeyote ataelewa."

"Mutu yeyote wa Muyinga, pengine. Sawa. Kesho." Nikabadilisha, nikashuka chini, kwenye kile kipande alichokiongeza baadaye, miaka mingi baadaye, mwaka huu, wakati umeme ulipoanza kutuchosha na mashine ikabidi ijue mahali ilipoachia. "Umeme ukirudi, soma kumbukumbu. Kama upande wa kesho ni kulia, peleka trei kushoto."

"Hapana, pale ni jana," akasema kwa haraka. "Ni ejo ya nyuma. Kama zamani ilikuwa kulia, sasa iende..."

Akainua kichwa kwenye godoro.

Nje mtu alikuwa ananadi njugu, nikamsikia mpaka akapita kona.

"Mama Houda," akasema polepole. "Soma ya juu tena."

Nikasoma ya juu: weka upande wa kesho. Nikasoma ya chini: chukua upande wa jana. Na zote mbili zilikuwa neno moja, kumbukumbu moja, ejo. Trei iko kushoto, mashine inaandika kulia, yaani ndiko itakakokwenda. Umeme unakatika. Umeme unarudi, mashine inasoma kulia, inadhani ndiko ilikotoka, inasema basi niende kushoto. Na kushoto ndiko iliko tayari. Inasukuma trei kwenye ubao wa mashine, krrr, na mayai ya watu wa Gihosha yamelala upande uleule.

"Yampayinka!" Rachid akajipiga paji la uso, nikamdaka mkono kabla haujagusa bandeji. "Ni mimi. Ni mimi mwenyewe nimejipoteza. Ejo ya mwaka ule na ejo ya mwaka huu."

Angeandika kwa Kiswahili asingepotea hapo. Kiswahili hakikuachi upite hivihivi, unachagua jana au unachagua kesho. Nikalifuta neno ejo kila mahali, nikaandika upande wa kesho, nikaweka maelezo pembeni kwa maneno ya kawaida, na chini nikarekebisha: umeme ukirudi, peleka trei upande wa kesho. Nikasoma kipande chote tangu juu hadi chini, kwa sauti, bila kusimama na bila kuuliza. Nilijisikia vizuri sana, nisiwafiche.

Nilipomaliza nilingoja anisifu. Kidevu chake kilikuwa kinatikisika.

"Nini tena? Daktari alisema usilie."

"Silii." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Sasa kila mutu anaweza kuisoma."

"Njo maana tumefanya."

"Hata kama mi nikibaki hivi." Akageuza uso kuelekea ukutani, ingawa kwake ukuta na mlango vilikuwa sawa. "Nilikuwa nalala hapa najiambia, macho ikikataa, bado iko kitu kimoja hawawezi kufanya bila mimi. Sasa hicho kitu umekiandika Kiswahili kizuri. Mutaniweka kwa nini?"

Wallahi nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaweka kompyuta chini ili nisiivunje.

"We Rachid! Unafikiri mi niliolewa na p? Unafikiri nilikubali kupika kwa mama yako Ramadhani yote ile kwa sababu ya draiva ya mota? Mupumbavu we! Mi nakupenda we. We mwenyewe, na macho ao bila macho, na mdomo wako huo, na hizo funguo unazosahau mlangoni. Kama Mungu akichukua macho, utakaa hapa nikusomee na utanikosoa na tutagombana mpaka tuzeeke. Kode ni kode. Inaweza kuandikwa na mutu yeyote. Mume sitaandika mwingine!"

Nikalia mimi, kwa niaba ya wote wawili, maana yeye alikatazwa. Rachid akanyoosha mkono kunitafuta, akanikosa, mkono ukatua juu ya kompyuta, na kwenye draiva yangu safi zikaandikika herufi mstari mzima bila maana.

"Ona," nikamwambia, napangusa makamasi. "Umeanza tena kuandika kama zamani."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kesho yake nikaenda Gihosha. Mafuta hayakuwepo mjini, magari yalikuwa yamelala kwenye foleni, kwa hiyo nilipanda kile kilima kwa miguu, kompyuta mgongoni imefungwa kwa kanga kama mtoto. Madamu Candide alinipokea mlangoni, macho mekundu. Alikuwa ametandika mkeka mbele ya kuvezi. Mayai alikuwa ameyawekea alama ya penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ajue alikofikia.

Nikafunga waya, nikaingiza kode mpya. Kisha nikamwambia azime umeme ukutani. Alisita, akazima. Nikahesabu moyoni, nikamwambia awashe.

Mota ikanguruma kidogo. Trei ikaondoka upande wa kushoto, pole, pole, ikainama kulia, ikatulia. Hapakuwa na krrr.

Tukazima tena, tukawasha. Ikaenda upande wa pili. Madamu Candide alikuwa ameshika mikono kifuani.

"Sasa inakumbuka," akasema.

"Inakumbuka inakokwenda, Madamu. Zamani ilichanganya na ilikotoka."

Akanitazama, akacheka, mwalimu ni mwalimu. "Ejo," akasema. Nilikuwa sijamwambia hata neno moja. Alisema amesahihisha daftari za watoto maisha yake yote, Kirundi na Kifaransa, na kosa hilo, anawajua baba yake na mama yake.

Si mayai yote yaliyoanguliwa. Siku ilipofika, mengine yalikaa kimya, na Madamu Candide aliyahuzunikia kama ilivyo haki. Lakini mengi yalipasuka. Alitupigia simu asubuhi, hakusema hata habari zenu, aliiweka simu ndani ya mashine. Nikaishika karibu na sikio la Rachid. Alisikiliza sauti zile zote, zinagombana na kuitana, mdomo wazi. Kila nilipotaka kuiondoa simu alinishika kiganja. Kuku wa mtaa ule watarudi, kila nyumba na wa kwake.

Kisha ikafika siku ya daktari.

Nilikwenda na kompyuta. Nisiseme uongo, nilitaka kazi yangu ionekane. Nilikuwa nimemaliza kuisafisha kode yote, si draiva ya mota peke yake, hata ya joto, hata ya kengele, na nilijiapia kwamba kitu cha kwanza atakachokiona mwanaume huyu, kama ataona, ni kode inayosomeka. Daktari alikata bandeji, akaondoa pamba ya kwanza, akaondoa ya pili, akamwambia afungue macho taratibu.

Akafungua. Yalikuwa mekundu, yanatoka maji. Jicho la kulia, akasema, anaona ukungu tu. La kushoto akalipepesa, akalipepesa tena. Mimi nikamsukumia kompyuta mbele ya uso.

"Soma! Unaona herufi? Soma, Baba Houda!"

Akaisogelea. "Umeme... ukirudi," akasoma, polepole, kidole juu ya kioo, "peleka trei... upande wa kesho."

"Anaona!" nikapiga kelele, na daktari akaniomba nipunguze sauti, nikamwambia sipunguzi. "Alhamdulillahi, anaona! Endelea, soma ya chini, utaona vile nimepanga—"

Rachid akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kompyuta na kuanza kukishusha, taratibu, mpaka nikabaki mimi mbele yake.

"Hii nimeisha isikia yote," akasema. "Toa hii mashine, Mwantum. Nataka kukuona we."

Nikaifunga, na hasira ikanipanda, maana siku hiyo sikuwa nimevaa hata kitambaa changu kizuri.